Liwali na upanga wake: nani aliuawa, na kwa namna gani, katika majimbo ya Roma

Yesu wa Nazareti na Paulo wa Tarso walishitakiwa na wakuu wa makuhani wa Yerusalemu mbele ya maliwali wa jimbo moja, Uyahudi. Kati ya kesi hizo mbili ilipita kama miaka 30 hivi. Wa kwanza alifikishwa kwa Pilato asubuhi, akapigwa mijeledi, na kabla jua halijatua alikuwa amekwisha kukata roho msalabani. Wa pili alikaa kifungoni Kaisaria miaka miwili, akasikilizwa na Feliksi, kisha na Festo, kisha mfalme Agripa akaalikwa amsikilize naye, na hatimaye akapandishwa merikebu kwenda Roma chini ya ulinzi wa akida. Neno lililomtoa mikononi mwa wenyeji wake lilikuwa fupi: nataka rufani kwa Kaisari.

Masimulizi haya tumeyasikia tangu utotoni, na pengine ndiyo sababu tofauti hiyo tunaipita bila kuiona. Ukiyasoma kama habari za mahakamani, inakukaba. Ni sheria gani inayomuua mmoja ndani ya saa chache na kumhoji mwingine miaka miwili? Jibu fupi ni kwamba hakimu wa Kirumi aliuliza mtuhumiwa ni nani kabla ya kuuliza amefanya nini. Jibu refu linahitaji tumtazame kwanza hakimu mwenyewe.

Mtu mmoja, jimbo zima

Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walimpa mtawala wa Kirumi jina la pwani yetu, liwali, na mkuu wa askari mia wakamwita akida. Ni tafsiri nzuri, lakini ina mtego. Liwali wa Mombasa au wa Lamu alikuwa mtu wa sultani katika mji. Wakati wa Wajerumani, maliwali na maakida waliamua mashauri madogo madogo, na mamlaka ya kunyonga yalibaki kwa Wajerumani wenyewe. Liwali wa Kirumi alikuwa yote hayo kwa pamoja. Aliongoza majeshi yaliyokuwa jimboni, alisimamia amani, na alikaa kwenye kiti cha hukumu. Roma ilipoichukua Uyahudi moja kwa moja mwaka 6 BK na kumpeleka Coponius, mwanahistoria Yosefo aliandika kwamba Kaisari alimkabidhi mamlaka hadi ya kuua. Wanasheria wa Roma waliyaita mamlaka hayo haki ya upanga.

Miji ya majimboni ilibaki na mabaraza yake. Madeni, mipaka ya mashamba, ugomvi wa sokoni, wizi mdogo: hayo wenyeji waliyamaliza wenyewe kwa sheria zao. Shauri likifika kwenye damu, lilipanda kwa liwali. Ndiyo maana katika Injili ya Yohana wakuu wa Wayahudi wanamwambia Pilato kwamba wao hawana ruhusa ya kuua mtu. Kulikuwa na mwanya hapa na pale. Jiwe lililopatikana Yerusalemu mwaka 1871, lenye maandishi ya Kigiriki, linamwonya mgeni asiye Myahudi kwamba akivuka uzio wa ndani wa hekalu, kifo kitakachompata atakuwa amejitakia. Roma ilikubali onyo hilo likae pale. Lakini mwanya ni mwanya.

Kwa mtu asiye raia wa Roma hapakuwa na orodha ya makosa na adhabu iliyomfunga liwali mikono. Alisikiliza, akashauriana na watu wa baraza lake kama Festo alivyofanya, kisha akaamua peke yake. Aliweza hata kukataa kusikiliza. Paulo huyo huyo aliposhitakiwa Korintho, Galio, liwali wa Akaya, aliwafukuza washitaki kabla mshitakiwa hajafungua kinywa. Uhuru ule ule uliomfaa Paulo siku hiyo ndio uliommaliza Yesu.

Kaisari Augusto mwenyewe aliwahi kuona mahali ambapo hata baraza la waamuzi halikusaidia. Kirene, katika nchi ambayo leo ni Libya, kesi za kifo zilikuwa zikiamuliwa na Warumi waliokuwa na mali ya kutosha, na jimbo zima lilikuwa nao 215 tu. Wagiriki wa huko walituma wajumbe kulalamika kwamba hao watu wachache wamefanya genge: leo huyu anashitaki na yule anatoa ushahidi, kesho wanabadilishana. Tangazo la Augusto la mwaka 7 au 6 KK, lililochongwa kwenye jiwe sokoni, linakiri waziwazi kwamba yeye mwenyewe amethibitisha kuna watu wasio na hatia waliofikishwa kwenye adhabu ya mwisho kwa njia hiyo. Akaamuru Mgiriki anayekabiliwa na kifo awe na haki ya kuchagua waamuzi ambao nusu yao ni Wagiriki. Sijui maandishi mengine mengi ya watawala wa kale yanayokiri kosa la kuua namna hiyo, tena yakachongwa mahali pa wazi.

Nani alikamatwa, na nani alimkamata

Polisi kama tunavyowajua hawakuwapo. Katika vijiji vya Misri kulikuwa na walinzi wa usiku waliochaguliwa kutoka kati ya wanakijiji wenyewe, na makaratasi ya mafunjo yaliyohifadhiwa na mchanga yamejaa malalamiko ya watu wa kawaida: nimepigwa, nimevunjiwa nyumba, punda wangu ameibwa. Katika jimbo la Asia, yaani magharibi ya Uturuki ya leo, kila mji mkubwa ulikuwa na mlinzi wa amani aliyepanda farasi na watu wake kuwafuata wahalifu. Aliyemkamata askofu Polikarpo wa Smirna kabla hajachomwa moto alikuwa mmoja wao. Antoninus, kabla hajawa Kaisari, alikuwa liwali wa Asia, na alitoa amri kwamba walinzi hao wakikamata majambazi wawahoji juu ya wenzao na juu ya wanaowaficha, waandike maelezo, wayatie mhuri na kuyapeleka pamoja na mtuhumiwa. Amri hiyo inasikika kama ya jana.

Barabarani kila mtu alijilinda mwenyewe. Tabibu Galen, mzaliwa wa Pergamo, alieleza jinsi alivyokuta mifupa ya jambazi kando ya njia ya mlimani. Msafiri mmoja aliyevamiwa alikuwa amemshinda na kumuua. Hakuna mwenyeji aliyekubali kumzika. Waliacha ndege wamle, na kwa siku mbili wakabakiza mifupa mitupu. Galen anaitaja habari hiyo kwa sababu mifupa ile ilimfaa kufundishia maumbile ya mwili, lakini mimi huwaza chuki ya wanakijiji wale. Ujambazi ulikuwa umewatesa kiasi hicho. Tukizungumzia ukatili wa liwali tusisahau kwamba wakulima na wachuuzi wengi walikuwa wakimwomba awe mkatili zaidi.

Adhabu yenyewe ilibadilika kulingana na mahali. Wizi wa mifugo ni mfano ambao msomaji wa kwetu hatahitaji kuelezwa uzito wake. Kaisari Hadrianus aliwaandikia watu wa Baetica, kusini mwa Hispania, kwamba wezi wa mifugo wakiadhibiwa kwa ukali kabisa hupewa upanga, lakini ukali huo si wa kila mahali, ni wa kule ambako wizi wa aina hiyo umekithiri. Kwingine hupelekwa kazi ngumu tu, na mara nyingine kwa muda. Wanasheria walijaribu hata kupima kundi linaanzia wapi: ukiswaga kondoo 10, au nguruwe 4 au 5, au farasi mmoja, au ng'ombe mmoja, wewe si mwizi wa kawaida tena.

Mjeledi wa nani?

Sasa turudi kwenye swali la mtuhumiwa ni nani, kwa sababu hapo ndipo mfumo wote ulipokuwa umesimamia.

Juu kabisa alikuwa raia wa Roma. Sheria ya zama za Augusto ilimkataza liwali kumuua, kumchapa au kumtesa raia aliyekata rufani. Paulo aliijua silaha hiyo vizuri. Filipi alichapwa bakora hadharani na kutiwa gerezani, na asubuhi mahakimu walipotaka kumwachia kimyakimya aliwajulisha kwamba wamemchapa Mrumi bila hukumu. Wakaogopa, wakaja wenyewe kumbembeleza. Yerusalemu aliuliza swali hilo hilo akiwa amekwisha kufungwa kamba tayari kwa mijeledi, na jemadari aliyesimamia, Klaudio Lisia, akaingiwa na hofu. Yeye mwenyewe alikuwa ameununua uraia wake kwa mali nyingi.

Chini kabisa alikuwa mtumwa. Ushahidi wake ulichukuliwa kwa mateso, na msalaba Warumi waliuita adhabu ya watumwa. Katikati walikuwa watu wa majimboni, wengi wao, waliokuwa huru bila kuwa raia, na kila jimbo lilikuwa na ngazi zake. Ngazi hizo zinaonekana vizuri katika kisa cha Aleksandria mwaka 38 BK. Prefekti, yaani liwali wa Misri, Flaccus aliwakamata majumbani mwao wazee 38 wa baraza la Wayahudi, akawapeleka kwenye ukumbi wa michezo na kuwachapa mbele ya adui zao. Baadhi walikufa. Philo, Myahudi wa mji huo aliyeandika habari hizo, anaeleza kwa uchungu jambo moja zaidi: Aleksandria ilikuwa na mijeledi tofauti kwa watu tofauti. Wamisri walikuwa na mjeledi wao na wachapaji wao. Waaleksandria walichapwa kwa vibao bapa, na aliyewachapa alikuwa Mwaleksandria mwenzao. Wayahudi kwa desturi walihesabiwa pamoja na Waaleksandria. Siku ile wazee wao walichapwa mjeledi wa Wamisri.

Anayedhani hilo ni jambo la kale na la mbali akumbuke kiboko cha Wajerumani katika nchi hii. Kanuni yao ya mwaka 1896 iliruhusu Waafrika wachapwe, ikakataza kuwachapa Waarabu na Wahindi. Mjeledi ulikuwa unamwambia kila mtu nafasi yake.

Je, kinga ya uraia ilikuwa imara? Ilikuwa imara kiasi cha uaminifu wa liwali. Mwaka 70 KK Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma, alimshitaki Verres, aliyekuwa ametawala Sisilia kwa miaka mitatu. Kati ya maovu yake kuna kisa cha Gavius, raia wa Roma, aliyechapwa fimbo sokoni Messana. Kila fimbo iliposhuka, anasema Cicero, hakutoa kilio chochote ila maneno haya: mimi ni raia wa Roma. Verres akaamuru asulubiwe mahali panapotazama mlango wa bahari, ili afe akiiona Italia, nchi ambayo sheria zake zilipaswa kumkinga. Verres alikimbilia uhamishoni kabla kesi haijafika huko, na sehemu hiyo ya hotuba ikasambazwa kwa maandishi.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, mambo yalitokea tena Afrika, katika jimbo lenye makao makuu Karthago. Liwali Marius Priscus alishitakiwa mbele ya Seneti mwezi Januari mwaka 100 BK, na mawakili wa watu wa jimbo walikuwa Plinius Mdogo na Tacitus. Ilibainika kwamba vifo viliuzwa kwa bei inayojulikana. Mtu mmoja alidaiwa kulipa sesterti (sarafu ya Kirumi) 300,000 ili raia wa tabaka la mashujaa wa farasi ahamishwe na marafiki zake saba wauawe. Mwingine alilipa 700,000 kwa ajili ya mtu mmoja tu wa tabaka hilo hilo: akachapwa fimbo, akahukumiwa kwenda migodini, na mwisho akanyongwa gerezani. Adhabu ya Marius ilikuwa kuzirudisha hizo 700,000 kwenye hazina ya Roma na kufukuzwa Roma na Italia. Hazina ya Roma ilipata fedha, si wajane wa Afrika. Mshairi mmoja wa zama hizo aliandika kwamba jimbo lilishinda kesi na bado likabaki likilia.

Namna za kufa

Kifo cha heshima kilikuwa upanga, na hapo sheria ilikuwa makini ajabu. Ulpianus, mwanasheria wa mwanzoni mwa karne ya 3, anawakumbusha maliwali kwamba mtu akihukumiwa upanga auawe kwa upanga, si kwa shoka, wala mkuki, wala rungu, wala kamba. Mapokeo ya Kanisa yanasema Paulo alikatwa kichwa na Petro akasulubiwa. Ukijua nani kati yao alikuwa raia, mapokeo hayo yanaeleweka vizuri sana.

Kwa wengine kulikuwa na msalaba, moto na wanyama. Moto uliwangojea waliochoma nyumba mjini kwa chuki au kwa ajili ya kupora, na watumwa waliopanga kumdhuru bwana wao. Mwanasheria Callistratus anaeleza kwamba majambazi mashuhuri hutundikwa pale pale walipokuwa wakivizia watu, ili wengine wakiona waogope, na ndugu wa waliouawa wapate faraja. Wakati wa uasi hata kesi haikuwapo. Mwaka 4 KK Varus, liwali wa Siria, aliwasulubisha watu wapatao 2,000 katika nchi ya Wayahudi. Yosefo anasema wakati Yerusalemu ilipozingirwa mwaka 70 BK kuna siku walisulubiwa 500 au zaidi, hata nafasi ya kusimika misalaba ikakosekana.

Wanyama walihitaji uwanja na watazamaji. Mozaiki ya Zliten, Libya, inaonyesha watu waliofungwa kwenye nguzo juu ya vigari vidogo, wakisukumwa kuelekea kwa chui. Mchoro huo ulipamba sakafu ya nyumba ya tajiri. Watu walitembea juu yake.

Lakini katikati ya unyama huo utaona kanuni ikifuatwa. Sheria ilisema mwanamke mjamzito asiuawe mpaka ajifungue. Mwaka 203 huko Karthago, mtumwa Felisita alikuwa gerezani na mimba ya miezi minane, pamoja na Perpetua, mwanamke wa ukoo mzuri mwenye umri wa miaka 22 hivi aliyekuwa bado ananyonyesha. Felisita alihuzunika kwa sababu kanuni hiyo ingemchelewesha, afe baadaye peke yake kati ya wahalifu wengine. Wenzake wakamwombea, uchungu ukamshika, akazaa mtoto wa kike aliyelelewa na dada mmoja Mkristo. Wakaingia uwanjani pamoja.

Kanuni iliweza pia kuvunjwa kwa kelele za watu. Lyon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 177, liwali alimwandikia Kaisari kuuliza juu ya Wakristo. Jibu likaja, na raia wakapewa upanga na wengine wakatupiwa wanyama, wakiwemo Blandina, kijakazi aliyewashangaza hata watesi wake. Ila Attalus, aliyekuwa raia, alirudishwa kwa wanyama kwa sababu umati ulimtaka. Mwanasheria Modestinus aliandika baadaye kwamba liwali asiwaachie waliohukumiwa wanyama kwa kuufurahisha umati. Kuhusu kumtupa mtu kwa wanyama ili umati ufurahi, hakusema kitu hapo.

Gerezani, rasmi, hakuna aliyefungwa kwa adhabu. Ulpianus anasema gereza ni la kuwaweka watu, si la kuwaadhibu, kisha anakiri kwamba maliwali hawaachi kulitumia kuadhibu. Adhabu ya muda mrefu ilikuwa migodi, na wengi waliihesabu kuwa kifo cha polepole. Plinius alipofika kutawala Bithinia, jimbo la kaskazini mwa Uturuki ya leo, kati ya mwaka 110 na 112 hivi, aligundua kwamba watu waliohukumiwa migodi au viwanja vya wanyama walikuwa wakiishi mjini kama watumishi wa umma, tena wakilipwa mshahara. Wengine walikuwa wazee sasa, na inasemekana waliishi kwa utulivu. Akamwandikia Traianus kuuliza afanye nini. Kaisari akajibu: waliohukumiwa ndani ya miaka 10 iliyopita warudishwe kwenye adhabu zao, na wazee wa hukumu za zamani zaidi wapewe kazi zinazokaribiana na adhabu, kama vile kusafisha mabafu na mifereji ya maji machafu na kutengeneza barabara.

Uraia ulipogawiwa bure

Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu wote huru wa dola. Kwa Gavius lingekuwa jambo la ajabu: kila mwanasokoni wa Messana sasa ni Mrumi. Lakini kinga ilikuwa imekwisha kuhama. Tangu karne ya 2 sheria ilianza kuwagawanya watu kuwa waheshimiwa na wanyonge. Waheshimiwa walikuwa maseneta, watu wa tabaka la farasi, madiwani wa miji na maaskari waliostaafu. Hao kwa kosa kubwa walihamishiwa kisiwani au, ikibidi, walipewa upanga. Wanyonge, hata wawe raia, walikwenda migodini, motoni, kwa wanyama, msalabani. Uraia uligawiwa kwa wote wakati tayari haukuwa ngao. Msalaba wenyewe ulikoma katika karne ya 4, chini ya Konstantino. Moto na migodi viliendelea.

Maiti za waliouawa, Ulpianus anasema, wasinyimwe ndugu wakiziomba, isipokuwa mara chache. Yusufu wa Arimathaya aliomba kwa Pilato, akapewa. Mwaka 1968, katika kaburi la mwambani kaskazini mwa Yerusalemu, lilipatikana sanduku la mifupa lenye jina Yehohanan, na ndani yake kisigino kilichopigiliwa msumari. Mwaka 2017 huko Fenstanton, Uingereza, wachimbaji waliokuwa wakikagua eneo la kujenga nyumba walikuta mifupa ya mwanamume aliyezikwa kati ya mwaka 130 na 360, naye ana msumari kisiginoni. Mifupa ya miguu yake ilionyesha uvimbe, pengine wa pingu alizovaa muda mrefu. Makaburi mengine yalimzunguka: alizikwa na watu wake, kwa utaratibu, kama mtu. Msumari wa Yehohanan ulikuwa umepinda ncha ndani ya mti, na waliokuja kumchukua hawakuweza kuuchomoa. Wakamzika nao.